Andikeni Ukomo Kabla ya Kuanza

Hotuba kwa wanandoa wanaojiandaa na matibabu ya uzazi

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Najua wapo kati yenu walioaga nyumbani kwa kusingizia shughuli nyingine. Nasi tulikuwa hivyo. Kwa muda mrefu kila tulipokwenda kliniki tulisema tunakwenda kumjulia hali mgonjwa, na hatukuwa tumekosea sana, ila hatukusema mgonjwa ni nani.

Nimekuja na daftari. Lina jalada gumu la kijani, na mwandiko uliomo ni wa mke wangu, amekaa pale safu ya pili. Kila tulicholipa katika kutafuta mtoto kimo humu: tarehe, kilicholipiwa, kiasi. Ni miaka sita. Viwango sitavisoma, kwa sababu hesabu yetu haitakuwa hesabu yenu. Ninachotaka mkione ni jinsi mistari ilivyofuatana.

Mistari 23 ya mwanzo yote ni ya mke wangu. Kipimo cha homoni. Altrasaundi. Altrasaundi tena. Picha ya eksirei ya mirija ya uzazi. Vidonge vya kupevusha mayai, mara tatu. Dawa iliyoagizwa mtandaoni, iliyodai kusafisha kizazi na kuzibua mirija. Altrasaundi. Mstari wa 24 ndio wa kwanza kunitaja mimi. Umeandikwa, "Mume, kipimo cha manii." Na kiasi kilicho pembeni yake ni kidogo kuliko vyote vilivyotangulia.

Kati ya mstari wa kwanza na huo wa 24 ilipita miezi 29.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, nimempakatia mkoba wake. Daktari wa kwanza hakuniuliza kitu na mimi sikujitolea. Mwili wangu ulikuwa mzima, chumbani sikuwa na shida, nikajihesabu nimekamilika. Wanaume wengi tunafikiri hivyo, na ni kosa kubwa. Nguvu za kiume ni habari moja na mbegu ni habari nyingine kabisa. Mtu anaweza kuwa nazo hizo za kwanza tele na zile za pili asiwe nazo hata moja. Wazee walisema mficha uchi hazai. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mtu anayeficha shida yake akakosa wa kumsaidia. Kwangu mimi ilitimia neno kwa neno.

Majibu yangu yalikuwa mbegu milioni 3 kwa mililita. Kiwango cha chini cha rejea katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni milioni 16. Daktari, huyu alikuwa wa pili, alinieleza kwamba aliye chini ya hapo hajafungiwa mlango, ila njia yake huwa ndefu. Akaniuliza kama nimepata homa kali karibuni, kama navuta sigara, kama nimewahi kudungwa testosteroni, homoni ya kiume, ili kujenga misuli. Vijana mliomo humu, hilo la mwisho lisikilizeni. Testosteroni inayotoka nje huufanya ubongo uone ipo ya kutosha, ubongo unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi, na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Wapo wanaodungwa wakitafuta uanaume na wanapoteza uzazi bila kujua. Kisha akanituma nirudie kipimo baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, kwa hiyo kipimo cha leo hueleza hali ya mwili wako miezi miwili au mitatu iliyopita. Nikarudia. Milioni mbili na nusu.

Mirija ya mke wangu ilikuwa wazi tangu ile picha ya kwanza. Ile dawa ya kuzibua ilikuwa inazibua kitu ambacho hakikuziba. Na hata kingekuwa kimeziba, mrija ulioshikana kwa kovu hauzibuliwi na kitu unachomeza. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu dawa hizo bado zinauzwa kila siku, na wanaozinunua ni wanawake waliochoka ambao waume zao hawajawahi kupeleka maabara hata kikopo kimoja cha manii.

Alikuwa na miaka 32 tulipoanza. Siku napewa majibu yangu ya pili alikuwa anakaribia 35. Pesa zilizopotea katika miezi ile tungeweza kuzitafuta tena. Mayai hayatafutwi. Mwanamke huzaliwa nayo yote, milioni moja hadi mbili, akifika kubalehe yamebaki laki tatu au nne, na yanaendelea kupungua iwe anatumia kinga au hatumii, iwe ana mume au hana. Kuanzia katikati ya miaka ya thelathini kushuka huko kunaongeza kasi. Miezi 29 ya mimi kuona haya ilikatwa kwenye akiba yake.

Kwa hiyo naomba mnielewe ninaposema kwa ukali: nendeni wawili, siku moja, kliniki moja. Kama mmekutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na hakuna mimba, hicho ndicho kipimo cha kitaalamu cha ugumba, na ni wakati wa kumwona daktari. Kama mwanamke amefikisha miaka 35, msingoje mwaka, miezi sita inatosha. Na daktari akianza kuandika vipimo vya mke peke yake, mume amwambie, "Daktari, na mimi niandikie." Katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, upande wa mwanamume una mchango wake, peke yake au pamoja na wa mke.

Hamko peke yenu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikusanya tafiti za miaka mingi likatoa hesabu kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake, na kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na zisizo tajiri ni ndogo mno. Hesabuni safu mliyokaa. Tofauti iko kwenye nani anaweza kulipia tiba.

Sasa nije kwenye pesa, ndiko nilikoitiwa.

Watu wakisikia kukosa mtoto wanarukia moja kwa moja ile tiba tunayoiita IVF, ya kukutanisha yai na mbegu maabara. Ngazi ina vipandio kabla ya hapo. Ambaye mayai yake hayapevuki kwa sababu ya homoni, mara nyingi vidonge vya letrozoli au klomifeni ndivyo vinavyoanza, na ni vya bei nafuu ukilinganisha na yanayofuata. Wengine husaidiwa kwa kusafisha mbegu maabara na kuziweka ndani ya mji wa mimba siku yai linapotoka. Msiruke kipandio kwa haraka ya moyo, na msikwamishwe kwenye kipandio ambacho hakiwafai. Mke wangu alipewa vidonge vya kupevusha mayai mizunguko mitatu wakati mayai yake yalikuwa yanapevuka yenyewe, na hakuna aliyekuwa ameniangalia mimi. Huko ni kulipia ngazi iliyoegemezwa ukuta usio wetu.

Kwa hali yangu, kipandio chetu kilikuwa IVF ya aina ambayo mtaalamu anachukua mbegu moja kwa sindano nyembamba na kuipenyeza ndani ya yai. Njia hiyo ilizaa watoto wa kwanza mwaka 1992 kutokana na kazi iliyofanyika Brussels, na kabla yake wanaume wa milioni mbili na nusu kama mimi hatukuwa na mengi ya kutumaini. IVF yenyewe ni ya zamani kidogo. Louise Brown alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, kwa kazi ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Mama yake alikuwa na mirija iliyoziba, na yai lililomzaa lilitolewa katika mzunguko wake wa kawaida, bila dawa za kuchochea mayai mengi. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Gharama inatoka wapi? Inatoka sehemu nyingi, na bango la kliniki huonyesha mojawapo tu. Kuna sindano za homoni za siku nane hadi kumi na nne, na hizo kwetu zilikuwa bili ya peke yake, kwenye duka la dawa. Kuna altrasaundi na damu kila baada ya siku mbili tatu. Kuna chumba cha kutolea mayai na mtaalamu wa usingizi. Kuna maabara. Kuna kugandisha viinitete vinavyobaki, yaani mayai yaliyorutubika na kuanza kukua, na ada ya kuvitunza kila mwaka. Kuna kupandikiza kile kilichogandishwa, ambako ni malipo mengine. Kuna nauli, na siku za kazi zisizolipwa. Tulipotajiwa bei mara ya kwanza tulifurahi, tukasema tunaiweza. Mzunguko, yaani awamu moja kamili ya tiba, ulipokwisha, daftari hili lilionyesha tumelipa karibu mara mbili ya kile tulichotajiwa. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuuliza. Ulizeni, "Bei hii inaishia wapi?" na mwandike jibu mbele ya anayewajibu.

Nataka niwaonyeshe usiku mmoja. Saa tatu kamili, maana sindano ina saa yake. Mke wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinua blauzi, mimi nimepiga magoti mbele yake. Chupa nimeitoa kwenye friji, nimeiviringisha viganjani itoke ubaridi, kama nesi alivyotufundisha. Nimeshika ngozi ya chini ya kitovu kwa vidole viwili, natafuta mahali pasipo na doa la bluu la jana. Hapakuwapo. Upande wa kushoto madoa manne, wa kulia matano. Mkono wangu ukatetemeka. Akaniwekea wake juu yake, tukaisukuma sindano pamoja. Kisha akafungua daftari akaandika tarehe. Nikamwambia aache, ataandika kesho. Akasema, "Nikiandika, najua kwamba limefanyika."

Mayai yalitolewa kama saa 36 baada ya sindano ya mwisho. Yalikuwa 11. Mchana tukaambiwa yaliyopevuka ni 9. Kesho yake simu ikasema yaliyorutubika ni 6. Siku ya tano vilibaki viinitete viwili. Hakuna aliyenitayarisha kwa simu zile. Unaanza na watoto 11 kichwani, maana moyo hauhesabu mayai, unahesabu watoto, na kila simu inakupunguzia. Nawatayarisha ninyi: kupungua huko ni kawaida. Kilipandikizwa kimoja, kingine kikagandishwa. Wiki mbili za kungoja. Haikushika.

Kile cha pili kilishika. Tulikuwa na mimba kwa wiki nane, na kwenye altrasaundi ya wiki ya nane moyo haukuonekana. Hapo nitaishia.

Nataka nizungumzie siku inayofuata baada ya jibu baya, kwa sababu ndiyo siku ya hatari kuliko zote kwa mfuko wenu. Siku hiyo mtu yeyote akiwaambia kuna nyongeza itakayosaidia, mtalipa. Kliniki moja tuliyopita, sitaitaja, ilituletea orodha ya nyongeza: kuukwaruza ukuta wa mji wa mimba, dawa za kutuliza kinga ya mwili, gundi ya kiinitete. Daktari alizisema kwa upole sana, mke wangu akiwa bado anatokwa damu. Nilikuwa nimeshatoa kalamu. Nyongeza nyingi za namna hiyo hazijathibitika kuongeza watoto wanaozaliwa. Uingereza mamlaka inayosimamia tiba hizi imeamua kuzipanga hadharani kwa rangi ili wagonjwa waone ipi ina ushahidi na ipi haina. Swali la kuuliza ni moja: "Hii imethibitishwa kuongeza watoto wanaozaliwa, kwa watu wa hali kama yetu?" Waangalie wanavyojibu. Wakisema inaongeza uwezekano wa kipimo cha mimba kuwa chanya, rudia neno *wanaozaliwa*.

Kalamu yangu siku ile ilizuiwa na ukurasa huu hapa. Ni ukurasa wa 31. Tuliuandika wiki tatu kabla ya sindano ya kwanza, Jumapili asubuhi, wote tumelala vizuri na hakuna aliyekuwa analia. Uko hivi:

"Tutafanya mizunguko miwili kamili, pamoja na kupandikiza vyote vitakavyogandishwa. Hatutauza wala kuweka rehani nyumba. Hatutakopa kwa ndugu. Hatutalipia kitu ambacho hatukuulizia ushahidi wake. Anayetaka kubadilisha ukurasa huu asubiri siku tisini, ndipo tukae tena." Sahihi mbili.

Ndugu zangu, ukurasa huu ndio sababu ya mimi kusimama hapa. Kabla ya kuanza, mna akili zenu. Mkishaingia, kila mzunguko unaoshindwa hauwaambii muache, unawaambia mlikuwa karibu. Na kweli mlikuwa karibu, hapo ndipo penye mtego. Hata kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35, kwenye kliniki nzuri, kupandikiza kiinitete kimoja mara nyingi hakumalizikii kwa mtoto. Akivuka 40 kwa mayai yake mwenyewe, nafasi inakuwa ndogo sana. Anayeingia akiwa na pesa za mara moja tu na hana mpango wa mara hiyo ikishindwa, ataupanga akiwa na machozi, na mpango wa machozi huishia kwenye mkopo.

Mzunguko wa pili ulitoa mayai 7, kiinitete kimoja. Haukushika. Na hapo nikavunjika mimi, si yeye. Nilikwenda kabatini usiku nikatoa hati ya nyumba. Nilikuwa nimeshaongea na mtu wa mikopo kwa simu, bila kumwambia. Nilifanya kwa mapenzi, nilijiambia hivyo. Nadhani nilifanya zaidi kwa sababu milioni mbili na nusu zile zilikuwa zangu, na nilitaka kulipa deni. Akanikuta nimeketi sakafuni na hati mapajani. Hakugomba. Alileta daftari, akalifungua ukurasa wa 31, akaweka kidole kwenye sahihi yangu, akasema, "Baba, siku tisini." Amekuwa akiniita Baba tangu wiki ile ya nane. Nikairudisha hati kabatini.

Siku tisini zilipita, tukakaa. Hatukubadilisha.

Kwa wazazi, mawifi na mashemeji mliokuja kuwasindikiza wenu, sina mengi. Msiulize kila mwezi. Na anayetaka kusaidia, asaidie kwa kitu kisichodai matokeo. Mlipie nauli ya kliniki, mpikie jioni ya sindano. Pesa inayotolewa kwa masharti ya kuletewa mjukuu ni mzigo mzito kuliko mkopo wa benki.

Kuna watu wa bima na wa wizara humu, nimewaona, nanyi nisiwaache. Mnaandika kwenye karatasi zenu kwamba tiba ya ugumba haihusiki, kama kwamba ni urembo. Ubelgiji tangu mwaka 2003 hulipia gharama za maabara za mizunguko sita kwa wanawake wasiozidi umri fulani, na kwa kubadilishana imewawekea madaktari kikomo cha viinitete vya kupandikiza kwa mara moja. Mapacha walipungua, na wakipungua mapacha hupungua watoto njiti na bili za wodi ya watoto, kwa hiyo sehemu ya pesa inarudi. Israel hulipia hadi mtoto wa pili, mpaka mama afikishe miaka 45. Huko huko Ubelgiji, mji wa Genk, wataalamu walijaribu mfumo mwepesi wa maabara ambao badala ya mashine ghali za gesi hutumia asidi ya sitriki na magadi ya soda kutengeneza hewa inayohitajika, na mwaka 2012 watoto wakazaliwa kwa njia hiyo. Nimewaambia mkumbuke kwamba Louise Brown alitokana na yai moja lisilo na dawa za gharama. Tiba hii ina sehemu zinazoweza kupunguzwa bei, kama kuna mtu anataka zipunguzwe. Na mirija mingi isingeziba kama magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono yangetibiwa mapema, kwa wote wawili, kwa antibiotiki za kawaida. Anzeni na hiyo kama bajeti ni ndogo.

Tunaulizwa sana kama tumekata tamaa. Tumeanza kufuatilia habari za kuasili mtoto. Ina makaratasi yake na mahojiano yake, na daftari limefunguliwa upande wa nyuma kwa ajili hiyo. Kuna mistari mitano tayari. Hatufanyi hivyo kama dawa ya kidonda kile, na afisa anayetuhoji alikuwa wa kwanza kutuonya tusije tukamfanya mtoto wa watu awe plasta. Tunakwenda polepole.

Nikimaliza kuongea nitaliacha daftari kwenye meza ile ya mlangoni. Mke wangu ameniruhusu. Anayetaka kunakili ukurasa wa 31 na anakili, na anayetaka kupiga picha orodha ya maswali iliyo ndani ya jalada la nyuma apige. Mtakuta kurasa mbili katikati zimebanwa kwa pini. Hizo ni za wiki nane zile. Naomba mziache kama zilivyo.